Nani Analipa Huduma ya Bure? Wanasheria Vijana wa Mbulu na Hanang katika Kipindi cha UVIKO-19

Huduma ya sheria katika wilaya za Mbulu na Hanang hutolewa na watu wachache kwa watu waliotawanyika. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi wapatao 600,000 katika wilaya hizo mbili, na ile ya 2022 ikahesabu 1,892,502 katika mkoa mzima wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mawakili wengi wa Tanzania Bara wameweka ofisi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Anayeamua kufanyia kazi Katesh, Mbulu mjini au Haydom hana nafasi ya kuchagua tawi moja la sheria: leo ardhi, kesho mirathi, keshokutwa dhamana ya mahabusu. Mazingira hayo humkuta kijana aliyeapishwa juzi mbele ya Jaji Mkuu akiwa bado hana wateja wa kudumu, hana akiba, na mara nyingi hana wakili mkongwe wa karibu wa kumwuliza.

Janga la UVIKO-19 lilipoingia nchini Machi 2020, mambo matatu ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali yalikutana katika mtu huyo mmoja: wajibu wake kwa jamii, ubora wa kazi yake ya kitaaluma, na afya yake mwenyewe ya mwili na akili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mambo hayo matatu ni swali moja, nalo linahusu gharama. Huduma ya bure haikosi mlipaji. Pale ambapo mfumo haukumpanga mlipaji, hulipa kijana, kwa nauli yake, kwa muda wake na kwa afya yake.

Wajibu wa kuhudumia jamii haukuanza na janga. Chama cha Wanasheria Tanganyika kilianzishwa kwa sheria mwaka 1954, na miongoni mwa malengo yaliyoandikwa katika sheria hiyo ni kuusaidia umma katika mambo yote yanayogusa sheria. Kamati ya msaada wa kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 1967. Katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 yakafuata mashirika ya wanasheria wanawake na ya haki za binadamu, na mwaka 2011 ukaundwa mfuko wa kugharimia huduma hiyo, Legal Services Facility, uliowezesha kuwepo kwa wasaidizi wa kisheria katika kila wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, ndiyo iliyowatambua rasmi wasaidizi hao. Wasaidizi wa kisheria si mawakili. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kutoza ada. Lakini wanaishi kijijini, wanajua nani ni mtoto wa nani, na katika wilaya hizi wanajua lugha.

Lugha hapa si jambo dogo. Mbulu na Hanang ni kati ya maeneo machache ya Afrika ambamo lugha za asili nne tofauti kabisa zinazungumzwa na majirani: Kiiraqw chenye asili ya Kikushi, Kidatooga cha Wabarbaig chenye asili ya Kiniloti, lugha za Kibantu za upande wa Singida, na Kihadza cha wawindaji wa bonde la Yaeda ambacho hakina ndugu anayejulikana. Wakili aliyesomea Dar es Salaam anaweza kukaa na bibi wa Kibarbaig kwa saa nzima na kuondoka na nusu ya ushahidi. Nusu iliyobaki hupatikana kwa mtu wa hapo, asiye na haraka.

Historia ya wilaya hizi inaonyesha nusu hiyo ina uzito gani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika nyanda za Basotu wilayani Hanang, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha kwa msaada wa Canada mashamba ya ngano yaliyofikia ekari zipatazo 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na ndani yake mlikuwamo makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua kesi Mahakama Kuu, Arusha. Walishinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya ushindi huo. Kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi kwa utaratibu wa sheria, na kwa upande wa wanakijiji hapakuwa na ushahidi wa kuthibitisha kwamba wote walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria iliyolinda umiliki wa kimila. Watu ambao babu zao walizikwa katika uwanda ule walishindwa kwa sababu jalada halikuwa na maneno ya kuthibitisha kwamba wao ni wa pale.

Kesi ya pili ilitoka upande wa pili wa milima, na matokeo yake yalikuwa tofauti. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa Kambi ya Simba, iliyokuwa wakati huo wilaya ya Mbulu na sasa iko Karatu, walikuwa wamerudishiwa mahakamani ardhi waliyoipoteza wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Sheria ya 1992 ikaja kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzizuia mahakama kusikiliza madai ya aina hiyo. Baba na mwana wakaipinga kwa Katiba. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu kadhaa vya sheria hiyo vikaondolewa. Hadi leo hakuna mwanafunzi wa sheria ya ardhi nchini anayemaliza masomo bila kuisoma hukumu hiyo.

Kesi hizi mbili zinastahili kuwekwa bega kwa bega. Ubingwa wa mawakili hauelezi tofauti yake yote. Katika ya pili, wadai walikuwa wawili, historia yao ya shamba ilikuwa imeshasikilizwa na kuandikwa na mahakama ya chini, na kilichobaki kilikuwa hoja ya sheria. Katika ya kwanza, ushahidi wa watu wengi ulipaswa kukusanywa mmoja mmoja, katika lugha yao, boma kwa boma. Kazi hiyo haimalizwi na wakili anayefika asubuhi kwa basi na kuondoka jioni. Katika wilaya kama hizi, ubora wa huduma ya kitaaluma ni ukaaji kabla haujawa ufasaha mahakamani, na ukaaji una bei.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mjini Arusha, mji ambao watu wa Mbulu na Hanang huendea hospitali kubwa, soko la mifugo, vyuo na, kwa miaka mingi, Mahakama Kuu. Siku iliyofuata shule zikafungwa, na vyuo vikuu vikafuata. Nchi haikufunga watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingi. Minada na nyumba za ibada ziliendelea. Takwimu za wagonjwa zilitolewa hadi mwishoni mwa Aprili, zilipofikia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikakoma. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Mfuatano huo uliiweka taaluma ya sheria mahali pagumu. Mwanasheria ni mtu wa ushahidi. Katika kijiji cha Hanang mwaka 2020, mtu aliyemfuata kijana msomi alimtaka jibu: je, mwajiri anaweza kunifukuza kwa kukohoa, je, mazishi yanaweza kuzuiwa, je, ni kosa kusema kwamba jirani amekufa kwa korona? Swali la mwisho lilikuwa na jibu la hatari. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotangazwa Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila kibali cha mamlaka husika. Kijana aliyetaka kutoa elimu ya sheria kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji, alipaswa kwanza kujipima yeye mwenyewe. Wengine katika hali hiyo hunyamaza, na kunyamaza kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema ni mzigo wa aina yake.

Palikuwa pia na mambo ya desturi ambayo mtu wa nje asingeyaona. Wairaqw walikuwa na utaratibu wa metimani, wa kuitenga kwa muda nyumba au mtu aliyepatwa na kifo cha aina fulani au na unajisi mwingine, asichangamane na majirani hadi kipindi kipite. Makanisa na elimu vimeudhoofisha sana, lakini kumbukumbu yake ipo. Agizo la kukaa mbali na wengine halikuwa geni kabisa kwa wazee, na kwa sababu hiyo hiyo lingeweza kumgeuza mgonjwa aliyepona kuwa mtu wa kuogopwa. Elimu ya sheria juu ya karantini na haki za mgonjwa, chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ilihitaji kuzungumzwa na mtu anayejua mambo yote mawili. Wazee wa mila na baraza la wanawake wa Kibarbaig, ambalo kwa desturi lina uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke, walikuwa washirika wa asili wa elimu hiyo.

Mahitaji yaliyoongezeka zaidi hayakuwa yale yanayotajwa kwanza mijini. Kufungwa kwa shule kuliwarudisha wasichana nyumbani kwa zaidi ya miezi mitatu, katika mkoa ambao utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa umri wa uzazi wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 43. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, lakini jinai hiyo hufahamika hasa kupitia mwalimu anayeona mtoto hayupo darasani. Darasa likifungwa, jicho hilo linafumba. Wanaobaki ni dawati la jinsia na watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, msaidizi wa kisheria, na wakili kijana kama yupo.

Eneo la pili ni mirathi, na hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi halisi ya mwanasheria kijana inapoonekana. Mirathi inayofuata mila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi sheria iliwazuia mawakili kumwakilisha mtu katika mahakama hizo, na mlango ulianza kufunguliwa kwa marekebisho ya 2021 tu, nao kwa masharti. Mjane wa Dongobesh aliyefiwa 2020 alisimama peke yake mbele ya hakimu, upande wa pili wakiwa shemeji zake. Kanuni za sheria za kimila za 1963, zilizoandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, zinamnyima mjane urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua mwaka 2015, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, kwamba kanuni za aina hiyo zinakiuka mkataba ambao Tanzania imeuridhia. Upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Mjane hazijui sheria hizi tatu, na hakuna wakili wa kumsemea. Kwa hiyo huduma ya maana kwake ni kumwandaa: kumwonyesha jinsi ya kueleza kwamba shamba lilisafishwa na mikono yao wawili, kumtafutia shahidi wa mpaka, kumwandikia fomu, kumweleza kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi bali mtunzaji anayepaswa kuleta hesabu mahakamani. Kazi hiyo haina gauni wala haimletei kijana jina. Inachukua siku tatu au nne kwa mjane mmoja, na mjane hana cha kulipa.

Eneo la tatu ni ardhi. Mabaraza ya Kata, yaliyopewa mamlaka juu ya migogoro ya ardhi kwa sheria ya 2002, yaliondolewa mwaka 2021 uwezo wa kuamua mashauri hayo, yakabaki na usuluhishi tu, huku mashauri yasiyosuluhishwa yakiendelea kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nia ilikuwa njema, kwani malalamiko dhidi ya mabaraza hayo yalikuwa mengi. Lakini mabadiliko yaliyofanywa katikati ya janga yaliongeza safari kwa mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi ofisi ya kata, na yakaongeza pia nafasi ya vishoka, wale wasio na leseni wanaoandika nyaraka nje ya mahakama kwa malipo na kutoweka siku ya kesi.

Teknolojia ilisaidia, ila haikusaidia wote kwa kipimo kimoja. Mahakama ilikuwa na kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki tangu 2018, na janga likaharakisha usikilizaji kwa video, ambao ulipata kanuni zake mwaka 2021. Wakili wa Arusha aliokoa safari. Mteja wa Yaeda Chini hakuokoa kitu, kwa kuwa bado alipaswa kufika penye mtandao, umeme na mtu wa kumshikia simu. Mabadiliko yaliyowagusa zaidi watu wa kawaida yalikuwa ya lugha. Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya miaka 100 ya Mahakama Kuu mjini Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huo huo sheria ikabadilishwa kuifanya lugha hiyo kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wakili kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza chuoni akalazimika kujifunza upya kuandika kwa lugha anayoongea nyumbani. Hilo lilikuwa zuri kwa mteja wake.

Njia moja ya huduma ilibanwa katika kipindi hicho hicho. Julai 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alishinda Mahakama Kuu kesi ya kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, kuolewa. Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Yeye mwenyewe hakuwa msichana anayeozwa. Alisimama kwa niaba ya wengine. Katikati ya 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilirekebishwa, ikimtaka anayefungua shauri la kikatiba aeleze jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa kijana wa Mbulu aliyetaka kutumia taaluma yake kwa wasichana wengi kwa shauri moja, njia hiyo ikawa nyembamba. Iliyobaki wazi ni ile ndefu ya mtu mmoja mmoja, ambayo ndiyo inayochosha zaidi.

Uchovu huo ni suala la kitaaluma. Mwaka 2016 utafiti wa mawakili 12,825 nchini Marekani ulikuta asilimia 28 wakiwa na dalili za sonona, na matatizo ya ulevi yakiwa makubwa zaidi kwa walio katika miaka 10 ya kwanza ya kazi. Mwaka 2021 Chama cha Kimataifa cha Wanasheria kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa dunia nzima, uliohusisha wanasheria zaidi ya 3,000. Kwa kipimo cha ustawi cha Shirika la Afya Duniani walipata wastani wa 51, chini ya 52, kiwango ambacho anayekikosa hushauriwa kuchunguzwa zaidi. Vijana na wanawake walikuwa chini ya wastani huo. Takwimu hizi hazikutoka Manyara, na haifai kuzihamisha kama zilivyo. Zinachoonyesha ni kwamba hata penye mshahara, ofisi yenye watu na daktari wa karibu, mwanzo wa kazi hii huumiza.

Katesh au Haydom, vyanzo vya maumivu ni vingine. Wakili wa kujitegemea hulipwa kwa kesi, na kesi ikiahirishwa malipo huahirishwa nayo, ilhali kodi ya ofisi na ada ya leseni ya mwaka haziahirishwi. Kesi za mauaji anazopangiwa na Mahakama Kuu kwa gharama za serikali humpa uzoefu, lakini malipo yake ni madogo na humkutanisha na mambo ambayo hana pa kuyatua. Anasikiliza habari ya mtoto aliyekeketwa asubuhi na ya mjane aliyefukuzwa mchana. Jioni ni mtoto wa kiume wa familia, aliyesomeshwa kwa mbuzi na ng'ombe waliouzwa, na ukoo unatarajia achangie mazishi, ada za wadogo na matibabu. Wakati wa janga michango hiyo iliongezeka na kipato kikapungua. Kwa msichana wakili matarajio ni mazito zaidi, kwa kuwa ukoo unaoulizwa juu ya haki ya mjane ni ule ule unaomwuliza yeye ataolewa lini.

Wapo wanaosema kwamba kujitolea ndiko kunakomjenga mwanasheria, na kwamba kila kizazi kilipita hapo. Hoja hiyo ina ukweli. Hakuna darasa la Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo linaloweza kumfundisha kijana kile anachojifunza kwa mjane mmoja wa Mahakama ya Mwanzo. Kosa lake ni kudhani kwamba kujitolea kunatosha kuwa mpango. Kijana aliyechoka hukosea tarehe ya rufaa, na muda wa rufaa ukipita mteja hupoteza shamba. Kijana asiye na nauli huenda kijijini mara moja badala ya mara nne, na ushahidi unabaki nusu, kama ulivyobaki Mulbadaw. Ustawi wa wakili ni sehemu ya haki ya mteja.

Kinachohitajika si taasisi mpya, kwa sababu vipande vyake vipo tayari. Sheria ya 2017 imewapa wasaidizi wa kisheria nafasi, lakini wengi hufanya kazi bila wakili wa kuwasimamia kwa karibu. Mawakili vijana, kwa upande wao, hufanya kazi bila wakongwe. Kuwaunganisha wasaidizi kadhaa wa kata na wakili kijana mmoja, na wakili huyo na mkongwe mmoja wa Babati au Arusha anayepatikana kwa simu siku maalumu ya juma, ni jambo linalowezekana kwa gharama ya vocha na nauli. Saa za huduma hiyo zingeweza kuhesabiwa katika mafunzo endelevu ambayo wakili anadaiwa kila mwaka, na kijana anayekaa wilaya isiyo na mawakili kwa kipindi kinachokubalika angeweza kupunguziwa ada ya leseni. Kumpatia mtu wa kuzungumza naye, mwenye taaluma na anayetunza siri, baada ya kesi za mauaji na za ukatili dhidi ya watoto ni gharama ndogo ikilinganishwa na kumpoteza aende mjini. Masjala ya Mahakama Kuu iliyofunguliwa Babati imeshafupisha safari moja kubwa, na vikao vya usimamizi wa namna hii vingeweza kufungamana na ratiba yake.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nyaraka za viwanja, vyeti na mipaka yenyewe vilifukiwa. Kama ilivyokuwa mwaka 2020, msaada wa kwanza ulikuwa chakula, blanketi na dawa, kama inavyostahili. Maswali ya mirathi, ulezi wa yatima na ardhi huja miezi kadhaa baadaye, magari ya msaada yakiwa yameondoka, nayo humfikia yule wakili aliyebaki mjini.